Adeline na Samaki wa Kisiwa cha Ukungu

Kanyere Adeline hakuwa mtu wa michezo. Wanawake wa safu ya vyombo katika soko kuu la Kisangani walimjua kwa mikono yake isiyotulia. Kama hapangi sufuria, anafuta vumbi kwenye sahani. Kama hafuti vumbi, anafunga beseni kwa kamba, kubwa chini, ndogo juu. Alikuwa Munande wa Butembo, mrefu, mwenye sauti ya chini, na watu walimwita Mama Adeline ingawa hakuwahi kuzaa. Tonton yake, mjomba aliyemleta mjini kufanya biashara, alipofariki alimwachia duka, naye akaliendesha peke yake.

Mtoto aliyemlea alikuwa ndugu yake wa mwisho, Timothée. Baba yao alikufa Timothée akiwa bado ananyonya, mama yao akarudi shambani, na Adeline akaacha shule ili ambebe mgongoni. Alimfundisha kutembea, akamwogesha, akampiga siku alipoiba sukari, kisha akalia kuliko yeye. Timothée alipokuwa mtu mzima alikwenda Goma, akawa fundi wa simu katika mtaa wa Birere. Alikuwa mcheshi, mwembamba, mwenye kupenda kila kitu kinachowaka taa.

Noeli moja alikuja Kisangani kumsalimia dada yake. Akala lituma, ndizi za kupondwa, kwa samaki mpaka akashindwa kuinuka, kisha akachukua simu ya Adeline na kuiwekea mchezo. Ulikuwa mchezo wa kuchezwa na watu wengi kwa pamoja kwenye mtandao. Kila mmoja ana mtu wake anayetembea katika nchi ya kubuni yenye milima, misitu na maziwa. Mwingine anapigana, mwingine anachimba madini, mwingine anachuma majani ya dawa, mwingine anavua.

"Na mie nitafanya nini mule?" Adeline aliuliza.

"Utaniona mie, yaya. Niko mule kila siku." Yaya ndivyo alivyomwita dada yake mkubwa.

"Nakuonaka hapa. Inatosha."

Timothée alicheka, akamtengenezea mtu hata hivyo: mwanamke mrefu mwenye kilemba cha bluu. Akampa jina la Kanyere. Adeline hakuufungua mchezo ule hata mara moja baada ya ndugu yake kuondoka.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kwanza, vita vilifika Goma na mji ukachukuliwa na waasi. Kisangani iko mbali, msitu mzima katikati, lakini habari zilifika kama moshi unaopita chini ya mlango. Malori ya Butembo yaliyokuwa yakishuka kwa njia ya Bafwasende yakawa machache, kisha yakawa ya kusubiriwa kama wageni. Watu walisema ndege zisizo na rubani zimeonekana upande wa uwanja wa ndege. Wenyeji waliokumbuka vita vya zamani, vile vya mabomu katikati ya mji, walianza tena kununua chumvi na mishumaa. Katika duka la Adeline rafu zilibaki na sahani chache zilizopasuka ukingo, na kwa mara ya kwanza mikono yake ikakosa kazi.

Kwa siku kadhaa simu ya Timothée haikupatikana. Adeline aliacha kula. Halafu ujumbe ukaingia kwenye WhatsApp: yu mzima, amelala chini ya meza ya kazi, duka lake limevunjwa. Adeline akaandika maswali mengi kwa pamoja: askari ni wa namna gani, wamechukua nini, wameua nani. Jibu likarudi upesi.

"Yaya, futa ile. Usiandike tena mambo ya vita hapa. Ku barrière ya baaskari banaangaliaka simu za batu. Jirani balimukuta na message moja tu, hatujamuona tena."

"Sasa tutasemea wapi?"

"Ule mchezo ungali nao?"

Adeline alifikiri hofu imempotosha ndugu yake akili. Lakini aliufungua, na pale, katika bandari ya wageni, katikati ya umati wa watu wa kubuni waliokuwa wakirukaruka bila sababu, alimwona kijana mwenye koti jekundu na jina la Timo juu ya kichwa. Kijana yule akamsogelea. Maneno yakatokea juu yake kama pumzi ya mtu wakati wa baridi, yakakaa kidogo, yakapotea.

"Yaya, ni mie."

Adeline aliuweka mkono kinywani. Alikuwa ameketi juu ya kigoda katikati ya duka lake, mchana kweupe, akilia mbele ya katuni.

Timothée alimweleza upesi. Maneno wanayosemezana watu wakisimama karibu humu hayabaki popote. Ukiondoka yamekwisha, hata simu ikikamatwa hakuna cha kusoma. Lakini bandarini kila anayepita anayaona, na hujui anayepita ni nani. Ng'ambo ya ziwa kuna Kisiwa cha Ukungu, ambako watu hawafiki hovyo. Mwenye mtumbwi wa kukuvusha hataki dhahabu ya mchezoni wala vito. Anataka samaki wa fedha, na lazima uwe umemvua kwa mkono wako.

"Basi nipatie mumoja," Adeline aliandika.

"Haipatianwake, yaya. Nilijaribu kwa rafiki, haikubali. Unapaswa kuvua weye mwenyewe."

"Mie ni mutu wa sufuria."

"Bon. Sasa utakuwa mutu wa samaki. Nakungoja kule."

Koti jekundu likageuka, likaingia katika umati, likatoweka.

Hivyo ndivyo Adeline alivyoanza kuvua. Uvuvi wa mchezo ule ulionekana mwepesi kwa macho. Unatupa mshipi, kiboya kinaelea, duara la mwanga linakizunguka na kuanza kujikunja. Likigeuka kijani unagusa kioo, samaki ameshika. Kisha unaanza kumvuta: unabonyeza, mshipi unakaza, unaachia, unalegea. Ukikaza mno unakatika, ukilegeza mno samaki anakwenda zake. Watoto wa bandarini walivua huku wakipiga gumzo. Adeline alitupa mshipi, akangoja, akaona kijani, akagusa, na maji yakabaki matupu. Akatupa tena. Matupu. Siku nzima alipata kiatu kilichooza na jani.

Jirani yake sokoni, Delphine, aliyeuza samaki wa kukaushwa, alikuja kuchungulia begani kwake. Delphine alizaliwa upande wa Isangi, katika familia ya mtoni. Baba yake na kaka zake wote walikuwa wavuvi.

"Mama Adeline, ile ni nini?"

"Navua."

Delphine aliangalia sana, akaguna. "Samaki gani anangojaka taa ya kijani? Hapa hata baba yangu angerudi nyumbani na njaa." Akacheka, kisha alipoona uso wa mwenzake akaacha kucheka. Adeline akamweleza kwa sauti ya chini. Delphine alikwenda mezani kwake, akarudi na kigoda, akaketi pembeni yake, akawa anawajibu wateja wa maduka yote mawili.

Siku zikawa juma, majuma yakaongezeka. Umeme ulikuwa wa kuja na kuondoka. Asubuhi Adeline alipanda toleka, akakaa nyuma ya baiskeli na simu mbili za kuchaji, yake na ya Delphine, kwenye kikapu, mpaka kwa kijana mwenye paneli ya jua, kisha akarudi dukani kuvua. Alipata samaki wadogo wa kijivu. Alipata kambale wa mchezoni, mwenye ndevu kama mzungu wa misheni. Samaki wa fedha hakumwona hata kivuli. Kila alipofungua WhatsApp ya Timothée alikuta maneno yaleyale ya salama: "Tuko bien, yaya. Salimia batu." Alijua kwamba maneno ya salama ndiyo yasiyosema kitu.

Mama yao, Mama Kavugho, alipiga simu kutoka Butembo kila Jumapili baada ya misa. "Umemsikia mdogo wako?"

"Nimemsikia, mama. Anakusalimia."

"Amesemaje?"

"Amesema yuko salama."

"Hayo hata mimi ananiambia," mama alisema, akakata.

Habari za Adeline zilianza kutembea sokoni, kisha parokiani, ambako Wanande wa mjini walikuwa na kikundi cha sala. Siku moja Mama Colette, kiongozi wa kikundi, mwanamke mnene wa heshima aliyepoteza shamba lake Lubero, alikuja dukani akasimama mlangoni bila kuingia.

"Adeline, nasikia weye uko nacheza mchezo kwa simu mchana mzima."

"Ndiyo, mama."

"Batu banakufa kwetu. Bamama banalala njiani na batoto. Na weye uko nacheza?"

Adeline angeweza kueleza. Lakini Mama Colette alikuwa mtu wa kuombea kila jambo kwa sauti kubwa mbele ya watu, na siri ya Timothée haikuwa ya kuombewa kwa sauti. "Nisamehe, mama," alisema. Mama Colette alitikisa kichwa akaenda. Tangu siku ile, wanawake wawili watatu wa kikundi walipokutana na Adeline walimpa salamu fupi, ile ya kutimiza wajibu.

Jambo hilo lilimuuma. Alirudi kwenye maji yake ya kubuni akiwa na hasira, akavua vibaya kuliko siku ya kwanza. Alipiga kioo cha simu kama mtu anayeua mbu. Mshipi ulikatika, ukakatika. Mwisho aliweka simu juu ya goti, akaacha duara lijikunje lenyewe bila kuligusa, akawa anaangalia tu, kama mtu anayetazama mvua.

Ndipo alipogundua. Kiboya kilitikisika kwanza kidogo, kikatulia, kikatikisika tena, na mtikisiko uliofuata ulikuwa na uzito ndani yake, kama ndoo inapofika chini ya kisima. Kijani kilikuja baada ya hapo. Lakini samaki alikuwa ameshika kwenye uzito ule, siyo kwenye kijani. Mtandao wa Kisangani ulikuwa dhaifu, na kila alichokiona Adeline kilikuwa kimeshapita kwingine. Alikuwa akigusa taa ambayo tayari imezimwa. Watoto wa bandarini, walioketi kwenye miji yenye mtandao wa kasi, waliona kijani kwa wakati wake. Yeye alipaswa kugusa kabla ya kuona.

Alitupa mshipi. Mtikisiko, kimya. Mtikisiko, kimya. Uzito. Akagusa, na kioo kikatetemeka mkononi mwake: samaki! Kumvuta nako akajifunza upya, kwa kuacha kutazama rangi za mshipi na kuusikiliza. Mshipi uliokaza ulilia sauti nyembamba. Alibonyeza mpaka kabla ya kilio, akaachia, akabonyeza, akaachia, kwa mwendo wa mtu anayetwanga akiwa hana haraka. Delphine, aliyekuwa akifunga samaki wa mteja kwenye gazeti, alisimama kuangalia vidole vyake.

"Sasa uko navua," alisema.

Tangu hapo Adeline alivua kama mtu aliyezaliwa katika kazi ile. Alijua samaki kwa namna wanavyovuta: kambale anazama moja kwa moja, wale wadogo wanapepesuka, yule wa mistari anajifanya amekubali, kisha anakata kona. Alijua kwamba mvua ya mchezoni ikianza, kabla maji hayajachafuka, wakubwa wanapanda juu. Watu wa bandarini walianza kumzunguka mwanamke wa kilemba cha bluu kumtazama, wakamwandikia kwa Kifaransa wakimwomba awafundishe. Hakuwajibu. Alikuwa akingoja mvua.

Samaki wa fedha alikuja mchana mmoja wa joto kali, mvua ikinyesha ndani ya simu huku nje barabara ikiwaka vumbi. Hakutikisa kiboya. Alikilaza tu ubavu, polepole, kama mtu anayelala. Adeline aligusa bila kufikiri. Samaki akavuta mpaka mshipi ukalia, naye akaachia, akavuta tena, akaachia tena, akimwacha aende mbali hadi Delphine akashika kichwa, "Anakimbia, anakimbia!" Kisha mwendo ukapungua, na Adeline akaanza kukunja, taratibu, huku machozi yanamtoka bila sauti. Alipomtoa majini, Delphine alipiga kigelegele, na wateja sokoni wakageuka kutazama ni nani amejifungua.

Kisiwa cha Ukungu kilikuwa mahali pa kimya. Mawe meusi, majani marefu, maji yasiyo na ng'ambo. Koti jekundu lilikuwa limeketi ukingoni.

"Umechelewa, yaya," maneno yalisema, yakapotea.

"Réseau ya huku, mtandao haupiti."

"Nilijua utafika. Weye hauachake kitu."

Hapo ndipo walipokutana miezi ile yote. Timothée alikuja mchana, mtandao wa Goma uliporuhusu. Alimweleza kila kitu, kidogo kidogo, kwa maneno yaliyoyeyuka. Benki zilifungwa. Watu walizikwa kwa makundi. Vijana walikamatwa mtaani, mtaa ukizungukwa asubuhi, wakapandishwa malori, wakapelekwa kufundishwa kushika bunduki. Yeye alijificha mara moja juu ya dari ya jirani, akisikia viatu chini yake. Alitaka kutoroka kwa njia ya Uganda, azunguke, afike kwa mama Butembo, lakini alikuwa akingoja mtu wa kumpitisha mpakani, na mtu yule kila siku alisema bado.

Siku nyingine hawakuzungumza vita. Waliketi wakavua, mwanamke wa kilemba na kijana wa koti, na Adeline alimpita kwa mbali.

"Yaya, unanitia haya. Mie nimecheza miaka, weye unavua samaki kubwa kuliko yangu."

"Weye unatazama taa. Usitazame taa."

"Sasa nitazame nini?"

"Usitazame kitu. Sikia."

Alijaribu, akakosa, akaandika kicheko kirefu. Adeline alicheka dukani kwa sauti, akiwa na rafu tupu nyuma yake. Baadaye alisema kwamba miezi ile ndiyo aliyoongea na ndugu yake kuliko miaka yote ya amani, na kwamba aliona aibu kuikumbuka kama miezi mizuri.

Siku ya mwisho Timothée alisema mtu wa mpakani amekubali, juma lijalo. "Nikifika kwa mama, nitakupigia simu ya kweli, na sauti." Adeline alimwambia avae viatu vya kufunga, si malapa. "Ndiyo, mama," alijibu kwa utani, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo.

Kesho yake hakuja. Wala siku iliyofuata. Adeline alikwenda kisiwani kila mchana, akaketi ukingoni, akavua na kurudisha samaki majini. WhatsApp ilikuwa kimya. Mama Kavugho alipiga Jumapili, na Adeline akasema yuko njiani, kwa sababu ndivyo alivyoamini. Jumapili nyingine akasema njia ni ndefu. Baada ya hapo mama aliacha kuuliza, akawa anapiga na kupumua tu kwenye simu.

Mwezi ulikuwa umepita na zaidi, mchana mmoja, koti jekundu likatokea kisiwani. Adeline aliangusha sahani aliyokuwa akiifuta. Akaandika kwa Kinande, lugha yao ya nyumbani: uko wapi, umekula, umefika? Koti lilisimama. Likazunguka mahali pamoja, likaruka, likaingia majini likatoka, kama mtu asiyejua miguu yake. Halafu maneno yakaja.

"Sisikie hii luga. Weye ni nani?"

Adeline aliangalia jina juu ya kichwa. Timo. Akaandika kwa Kiswahili, vidole vikiteleza: "Na weye ni nani?"

"Mie ni Glodi. Niko Goma. Nilinunua hii simu, mchezo ulikuwa ndani."

"Ulinunua kwa nani?"

Koti lilirudi nyuma hatua moja. Adeline aliogopa litatoweka. Akaandika haraka: "Sikushtaki, mwanangu. Hiyo simu ilikuwa ya ndugu yangu. Naomba tu kujua."

Maneno ya Glodi yalikuja kwa vipande. Yeye ni dereva wa pikipiki. Simu aliinunua kwa mtu sokoni, hakuuliza. Siku zile ziliuzwa simu nyingi, na wote walijua zinatoka wapi. "Mama, mie si mwizi."

"Najua. Kuna picha zake ndani?"

"Nilifuta yote."

Adeline aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa kioo. Delphine, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alimshika mabega.

Kisha maneno yakatokea tena. "Ngoja. Ku corbeille, mule ya bile nilifuta, kuko moja imebaki."

"Nitumie."

"Naogopa kutuma. Nitakuambia vile inaonekana."

Na akamwambia, na kila sentensi ilikaa kidogo juu ya koti jekundu, ikaenda. Ni asubuhi. Ni ukingo wa ziwa. Kuna watu wengi wenye madumu ya njano, kwa sababu mabomba hayatoi maji. Aliyepiga picha ameinua dumu lake mbele ya kamera, na kidole gumba, kama mtu anayechezea. Nyuma kabisa, barabarani, kuna lori la rangi ya majani, na watu wanaanza kugeuza shingo kuliangalia.

"Na yeye anaonekana?"

"Mukono tu, mama. Na kiatu. Kiatu ya kufunga."

Adeline aliweka simu juu ya goti. Glodi aliuliza kama bado yupo. Kisha akauliza, kwa haya, kama anaweza kumfundisha kuvua, kwa sababu amejaribu na hapati kitu, na mchana kazi hakuna.

Delphine alikasirika. "Zima! Zima hiyo simu!"

Lakini Adeline hakuzima. Alimwambia Glodi atupe mshipi. Akamwambia asitazame taa. Alimfundisha siku ile, na siku nyingine kadhaa, na kitu kimoja tu aliomba: asibadilishe jina. Glodi aliahidi, na alipokuwa pale alitimiza ahadi. Alikuwa kijana mpole. Alisema mama yake mwenyewe yuko kwenye kambi ya wakimbizi upande mwingine. Siku moja aliaga, akasema njaa imezidi, anaiuza simu. Juma lililofuata koti jekundu lilikuwa bandarini likiwa na jina la herufi zisizosomeka, likipigana na kila mtu. Adeline alilitazama kidogo, akafunga mchezo, akaufuta.

Jumapili mama alipopiga, Adeline alimweleza yote kwa Kinande, tangu mwanzo: mchezo, kisiwa, mtu wa mpakani, Glodi, picha. Mama Kavugho alisikiliza bila kukatiza. Kwa mbali jogoo aliwika huko Butembo.

"Alikuwa na dumu?" mama aliuliza mwisho.

"Ndiyo, mama."

"Tupu au limejaa?"

Adeline hakuwa ameuliza. "Sijui, mama."

"Basi alikwenda kuchota maji," mama alisema. "Usiruhusu mtu aseme kitu kingine." Akakata simu.

Neno hilo likawa la ukoo. Shangazi, binamu, jirani wa kijijini, kila aliyeuliza habari za Timothée aliambiwa amekwenda kuchota maji. Wengine walisikia amefia katika kambi ya askari. Mwingine aliapa amemwona na bunduki upande wa Masisi, amekonda. Hakuna aliyethibitisha. Watu wa haki za binadamu walichukua jina lake kwa simu, wakashukuru.

Mwezi wa kumi na moja, parokia ilipoandaa misa ya marehemu, Mama Colette alikuja tena dukani. Alikuwa amesikia sehemu ya habari, akaja akiwa na uso wa mtu aliyejutia maneno yake. Safari hii aliingia, akaketi kwenye kigoda cha Delphine.

"Adeline, mwanangu. Tutamutaja Timothée kwa bale bamekufa, ao kwa bale bamepotea?"

Malori mawili yalikuwa yamefika juma lile kutoka Butembo, na Adeline alikuwa akifungua beseni mpya, akizipanga, kubwa chini, ndogo juu.

"Usimutaje, mama. Alikwenda kuchota mayi."

Mama Colette alingoja aendelee. Adeline aliinama akachukua beseni nyingine, akaifuta vumbi la safari kwa kitambaa, ndani na nje, polepole.